Sauti Yangu Ndani ya Kobe

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi yote nimesugua mchanga kwenye minyororo ya Kobe kwa mswaki wa zamani. Betri mbili zimejaa. Ya tatu inasuasua.

Kobe ni jina tulilompa roboti hapa Mocímboa, mji wetu wa pwani. Chuma kipana, kiko chini, kinatambaa kwa minyororo kama tingatinga dogo. Kamera mbele, spika mgongoni. Kazi yake kuingia mahali ambapo mtu akiingia anaweza kukanyaga bomu: nyumba zilizoungua, visima, vijiji vilivyohamwa wakati wa mashambulizi. Atafute walio hai. Anatafuta na waliokufa, ila hilo haliandikwi kwenye karatasi za wafadhili.

Wafadhili wanakuja tarehe 20 kumwona akifanya kazi. Wakipendezwa, wanatoa pesa za awamu ya pili, Kobe kumi. Wasipopendezwa, tunafunga ofisi mwisho wa mwezi. Doutora Helena, mkuu wa projeto, huu mradi wetu, amelisema hilo mara nne leo, kana kwamba sisi ni viziwi.

Nimerekodi sauti upya. Doutora alitaka sauti ya mwenyeji, ya mwanamke, yenye upole. Basi nikasema: "Hodi! Hodi, wenyewe! Msiogope. Mimi Zainabu binti Atija, mtoto wa hapahapa Mikomani. Kama mpo, gongeni chochote mara tatu."

Hakuna aliyenituma kutaja jina la mama. Nimelitia mwenyewe. Mama sijamwona tangu siku tuliyokimbia. Mimi nilipanda mashua na wanangu. Yeye alisema anarudi mara moja kufunga mlango. Wenzangu wanabandika picha za ndugu zao sokoni. Mimi nimebandika sauti.

Jumanne, 6 Mei

Mikomani. Kijiji chetu.

Wanajeshi wametusimamisha kwenye shule iliyobomoka, kando ya barabara. Kutoka pale kwenda mbele hakuna ruhusa ya kuweka mguu, njia haijasafishwa. Tunakaa ndani ya gari. Tomé anaendesha Kobe kwa kile kidude chake chenye vijiti viwili, mimi naangalia skrini na kumwambia nyumba ipi ni ya nani. Tomé ndiye fundi wetu, Mmakonde wa kule juu Mueda, Mkristo, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Anasema watu wa pwani tunaogopa kila kitu isipokuwa maji. Namwambia yeye anaogopa maji hata ya kuoga.

Nyumba ya mama ni ya tano. Mlango hakuna. Paa nusu. Kobe akasimama kizingitini akapiga hodi.

Nilijisikia mimi mwenyewe nikiita kutoka kwetu. Sauti ikanyamaza, ikasubiri, ikarudia. Ina adabu zangu zote. Hakuna kilichogonga.

Tulikaa mpaka saa tisa. Kuku hakuna. Mbwa hakuna. Hata kunguru hatukumsikia.

Jumatano, 7 Mei

Alama za Kobe zimefagiwa.

Jana aliacha michirizi miwili mchangani, mirefu, kutoka shuleni hadi kwa mama na kurudi. Leo barabarani ipo. Mbele ya nyumba ya mama haipo. Pana alama za ufagio: nusu duara, nusu duara, moja juu ya nyingine, kama uwanja wa mwanamke aliyeamka mapema. Tomé akasema ni upepo. Nikamuuliza upepo gani unaanzia mlangoni na kuishia pale pale uwanja unapoishia.

Nyumba ambazo Kobe hakuzifikia hazijafagiwa.

Naogopa. Pia nina furaha. Sijui ipi kubwa.

Ijumaa, 9 Mei

Hatukwenda. Nilishuka bandarini kununua samaki. Bi Muanacha, ninayenunua kwake siku zote, hakunipa samaki kwanza. Alinishika mkono, hapa juu ya kiwiko, akaubinya kama anayechagua embe.

"Kumbe una joto, mwanangu," akasema.

Watu wanaokwenda kwa siri kuchimba mihogo upande wa Mikomani wamerudi na habari. Wamemsikia Zainabu binti Atija anapiga hodi mlango hadi mlango na hakuna anayetembea. Nilicheka, nikamweleza habari za mashine. Hakucheka. Alinifungia changu wawili, na nilipogeuka ili niondoke nikamwona ameinama kidogo anaangalia miguu yangu.

Nimekasirika. Miaka yote hii ananijua.

Jumamosi, 10 Mei

Kamera ya joto imeonyesha kitu. Kizingitini kwa mama, doa jeupe, dogo. Tomé akasogeza Kobe taratibu. Kigae cha chungu, makaa, juu yake ubani. Moshi ulikuwa bado unapanda. Vigae vingine viwili kwenye milango miwili ambako Kobe aliita. Kwingine hakuna.

Yupo mtu! Mtu mzima, wa kwetu, anayejua kuchoma ubani. Nilipiga kelele ndani ya gari mpaka Tomé akaziba masikio.

Nilimpigia Doutora. Alifurahi kuliko mimi. Kisha akasema tusimwambie mtu mpaka tarehe 20. Kobe ampate mtu huyo mbele ya wafadhili, mtu wa kweli, si yule kijana tuliyekuwa tumempanga ajilaze kifusini ajifanye anaokolewa. Nilitakiwa nimtukane. Sikumtukana. Nilijiambia kwamba tukiwaeleza wanajeshi leo wataingia na bunduki, na aliyejificha atakimbia au atapigwa risasi. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba naitaka kazi hii. Wanangu wako Pemba, mji wa pwani kusini mwa hapa, kwa wifi yangu, na wanakula kwa sababu ya Kobe.

Nilikubali. Naandika hapa ili siku nyingine nisije nikasema sikukubali.

Jumatatu, 12 Mei

Wazo hili ni langu, si la Doutora wala la Tomé. Ile sauti ni ya kiofisi mno. Mama atajuaje kwamba ni mimi kweli, si mtu aliyetumwa? Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikarekodi nyingine.

"Mama. Ni mimi, Zaina. Nimerudi. Mbona hunijibu, mama? Nifungulie."

Nililia katikati. Tomé aliuliza kama akikate kilio. Nikamwambia akiache.

Tumemwacha Kobe kizingitini kwa mama mpaka kesho. Macho yamezimwa kuokoa betri, masikio wazi. Sauti itatoka kila baada ya saa moja. Tomé hakupenda kumwacha. Aliangalia nyuma mara mbili tulipokuwa tunaondoka, na yeye si mtu wa kuangalia nyuma.

Jumanne, 13 Mei

Tumemkuta Kobe amezungushiwa majivu. Duara kamili, halikukatika popote. Spika imefungwa kitambaa cheupe, fundo moja, safi. Tomé alitakiwa tu asukume kijiti arudishe mashine. Akakaa nacho mkononi. Anasema haamini mambo hayo. Alichelewa sana kukisukuma.

Rekodi tumeisikiliza ofisini mchana, madirisha wazi, mlango wazi. Saa nyingi za wadudu. Sauti yangu, wadudu. Sauti yangu, wadudu. Karibu na alfajiri, ufagio. Unakuja taratibu kutoka mbali. Sauti yangu ikasema Mama, ni mimi. Ufagio ukakoma. Pumzi, karibu kabisa na Kobe. Halafu mwanamke akaanza kusoma Yasini polepole, akivuta pumzi mahali ambapo mama huvuta pumzi, akikaza ile herufi ambayo mama huikaza.

Ni mama. Ile sauti naijua kuliko yangu.

Nilirukaruka. Niliibusu mashine, mchanga na mafuta na yote. Tomé hakuruka. Aliuliza kwa adabu sana, akaniita mana, dada:

"Mana Zaina, kwenu hiyo inasomwa lini?"

Nikakaa chini.

Inasomwa nyakati nyingi. Lakini pamoja na ubani, na majivu, na kitambaa cheupe, ni ya kumtuliza aliyekufa. Mama ananisomea mimi. Siku tuliyokimbia mashua moja ilizama na watu wote. Yeye hakujua nilipanda ipi. Sasa sauti yangu inatambaa bila miguu, inalia, inaomba kufunguliwa.

Na ni yeye aliyenifundisha, hata shule sijaanza: ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Kila mtoto wa pwani hii anafundishwa hivyo. Wanangu nimewafundisha hivyo hivyo. Nikasimama mbele ya kinasa sauti na karatasi ya projeto mkononi, nikapiga hodi kama mjinga, na hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Nimeomba niende kwa miguu. Si mbali, paa unaliona kutoka shuleni. Wanajeshi wamekataa, na siwezi kusema wamekosea. Kuna mzoga wa mbuzi katikati ya ile njia, na mbuzi hakufa kwa njaa.

Doutora akasema kwa simu nivumilie. Wafadhili wanakuja na wategua mabomu. Tarehe 20 njia itakuwa wazi, nitatembea hadi mlangoni kwa mama na mpiga picha nyuma yangu. Alilisema la mpiga picha kama vile ananipa zawadi.

Nikapanda juu ya paa la gari. Nikavua mtandio anione uso. Nikapunga kapulana, kanga ya kwetu, nikaita kwa koo langu lenyewe mpaka likakauka. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu. Tomé alinishika kifundo cha mguu nisianguke. Hakuna kilichotikisika kule.

Nimeomba sauti izimwe. Jibu: bila sauti hakuna maonyesho. Nimeomba basi yaondolewe yale ya mama ni mimi. Jibu: hayo ndiyo bora kuliko yote, Doutora ameshawatumia wafadhili wayasikie.

Jumamosi, 17 Mei

Hatuendi Mikomani mpaka siku yenyewe, wanatunza betri. Nimefua. Nimepika, sikula.

Saa nne asubuhi nilisikia hodi uani. Nikaitikia karibu, nikatoka. Nikaitika kabla sijaona ni nani. Ni mimi niliyekuwa napiga hodi. Tomé alikuwa anajaribu spika. Jirani alishafunga dirisha lake.

Jumanne, 20 Mei

Wafadhili wanne. Kofia pana, viatu vipya. Wategua mabomu wameanza tangu jana, wamechomeka vigingi vyekundu pande zote mbili mpaka kwa mama.

Kobe akaingia. Hodi, hodi, wenyewe. Kisha ile nyingine. Mfadhili mmoja, mama wa makamo, alifuta machozi. Mwenzake akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Nilisimama pembeni yao nikijisikiliza nikimwomba mama anifungulie, na wao wameinua simu wananirekodi. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia mimi. Waliangalia kule sauti ilikotoka.

Hakuna aliyegonga. Doutora akaanza kueleza haraka haraka. Ufagio, ubani, majivu, video za siku zote. Roboti imegundua uhai mahali ambapo ramani inasema hakuna kitu. Wakapiga makofi. Nami nilipiga. Mikono ilipiga tu.

Ndipo nikapewa ruhusa. Nikatembea kati ya vigingi, mpiga picha nyuma. Jiko la mama lilikuwa baridi. Chungu kimepinduliwa. Mkeka umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Uwanja haukufagiwa, majani ya siku kadhaa. Ameondoka kwa utaratibu, amefuata ile njia ya nyuma ya mihogo anayoijua mwenyewe. Mashambulizi hayakumtoa mama kwenye nyumba ile. Njaa haikumtoa. Mimi nimemtoa.

Mpiga picha aliniomba nisimame tena mlangoni, mwanga haukuwa umekaa vizuri. Nikasimama. Ningekuwa na nguvu ningempiga.

Jumatano, 21 Mei

Pesa zimepatikana. Doutora amenikumbatia mpaka miwani yake ikapinda. Kobe kumi. Watakwenda Palma, Macomia, visiwani, na baadaye nchi nyingine zenye vita. Sauti ni ileile, wafadhili wameitaka hiyo hiyo. Kule nchi nyingine maneno yatasemwa na mtu mwingine kwa lugha yao. Kilio kitabaki changu, kimewapendeza.

Nikasema atangulie mtu. Mtu wa kijiji husika, aonekane kwanza, ndipo mashine ifuate. Doutora hakunidharau. Alinikalisha kitini, akanijibu kwamba pesa hizi zinatolewa ili asitangulie mtu yeyote. Yule mbuzi alikuwa mbele ya macho yangu.

Nikasema basi sauti yangu nirudishiwe. Akanionyesha mkataba. Ukurasa wa mwisho, saini yangu, nzuri, kama ya mwalimu. Sauti ni mali ya projeto.

Tomé amefuta ya kwenye mashine yetu bila kumwambia mtu. Lakini nakala iko Maputo. "Imeshasambaa, mana," akasema. Hakufanya utani siku nzima.

Alhamisi, 22 Mei

Nimesikia habari za matanga yangu.

Nilikuwa bandarini kwa Bi Muanacha. Akaja mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Nhica do Rovuma, mwanamume mcheshi, anaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa msibani. Bi Muanacha akamuuliza amekufa nani. Hamjui vizuri, akasema. Ni binti wa mama mmoja mgeni aliyefika kwa binamu yake pale Nhica, mama wa watu amechoka, miguu imevimba. Binti alizama na mashua zamani, mwili haukupatikana, lakini sauti imerudi nyumbani kumtafuta mamaye. Ndiyo maana imebidi asomewe sasa, atulie.

"Zainabu binti Atija," akasema. "Mungu amrehemu. Nami nimekula pale, ubwabwa mzuri sana."

Bi Muanacha aliniangalia, akaangalia samaki wake. Sikujitambulisha. Nilimuuliza yule mtu nyumba ya msiba iko upande gani. Akanielekeza vizuri, hatua kwa hatua, mpaka rangi ya ukuta. Nikamshukuru. Akaniambia pole, maana alidhani marehemu ni ndugu yangu.

Jumamosi, 24 Mei

Tomé amenileta Nhica kwa pikipiki ya projeto. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Aliniteremsha mbali kidogo, akabaki na pikipiki.

Sikupiga hodi. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuingia uani kwa watu bila hodi, nilijiona mwizi. Nilikwenda taratibu, jua la saa tisa mgongoni, kivuli kirefu mbele yangu kila mtu akione. Nikakaa mchangani nikanyoosha miguu.

Mama akatoka na ungo. Amekonda. Amekuwa mfupi. Alisimama, halafu akauweka ungo chini vizuri, mchele usimwagike. Akaja. Akaangalia kivuli. Akaangalia nyayo, akazishika moja moja. Akashika ndewe ya sikio langu la kushoto, pale alipolitoboa vibaya mwenyewe nikiwa mchanga. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na mboga, akaiweka mbele yangu. Mboga ilikuwa na chumvi ya kuunguza ulimi. Aliyekufa hagusi chumvi. Nilikula yote, akinitazama mdomoni kila tonge. Nikalamba na vidole.

Ndipo akapiga magoti akanikumbatia. Ananuka moshi na mafuta ya nazi. Sijawahi kufurahi hivi, sitafurahi tena hivi.

Nikasema, "Mama."

Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Akaanza Yasini.

Jumanne, 27 Mei

Binamu yake mama ananieleza. Mama ana hakika kwamba niko hai. Amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wa matanga, na wawili wamedai kwa utani warudishiwe mchele wao. Ananigusa kila akipita, bega, nywele, mgongo. Lakini sauti haitaki. "Mwili ni wa mwanangu," amesema. "Ile sauti ni ya kule."

Simu ya Doutora imelia mara tatu. Sikupokea. Ningepokea ningelazimika kusema. Majirani wakinisalimia naweka mkono kifuani.

Leo tumemenya mihogo tangu asubuhi, mimi na yeye. Amenisimulia yote. Alivyorudi kufunga mlango, alivyojificha, alivyolima mashamba ya watu waliokimbia, alivyosikia kwamba mashua imezama. Nimemwitikia kwa kichwa. Mara moja alicheka. Jua lilipopanda alichoka, akaniegemea, akasinzia begani kwangu palepale uani. Nilitaka kumwambia akalale ndani, hapa kuna jua. Nikavua kapulana, nikamkinga nayo mpaka alipoamka.